Stanslaus wa Litembo ni jina la Wajerumani?

(Mazungumzo ya redio ya Jumapili jioni, kama yalivyosomwa hewani)



Juzi nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji mmoja wa kijiji kilicho jirani na Litembo. Aliandika hivi: "Shikamoo mtangazaji. Naitwa Stanslaus. Mwanangu wa darasa la sita ameulizwa shuleni jina la baba yake ni la kabila gani. Nimemwambia ni la Kijerumani, kwa kuwa waliowabatiza wazee wetu ni Wajerumani. Mwalimu wake amesema la, ni la Kirumi, kwa kuwa linaishia na -us. Tunaomba utuamue, mimi na mwalimu nani mkweli?"

Ningeweza kumjibu ndugu huyu kwa maneno mawili na kuendelea na shughuli zangu. Lakini swali lake lilinigusa mahali. Marehemu baba yangu alikuwa na jina la namna hiyo hiyo, na jina hilo lilitusumbua sisi watoto wake kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya yeye kufariki. Habari hiyo nitaifikia. Kwanza tumjibu msikilizaji wetu.

Ndugu yangu Stanslaus, wewe na mwalimu wote mmekosa, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Jina lako lililetwa na Wajerumani, tena likiwa limevikwa mkia wa Kilatini, lakini mwili wa jina lenyewe ni wa Waslavi. Hao ndio watu wa Ulaya ya mashariki na kusini-mashariki: Wapolandi, Wacheki, Waslovakia, Warusi, Waukraine, Wabulgaria, Waserbia, Wakroatia na wenzao. Lugha zao ni ndugu, kama vile Kimatengo, Kingoni na Kinyasa vilivyo ndugu. Mmoja akisema polepole, mwenzake hushika hapa na pale.

Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno lenyewe "Slavi" linatokana na neno lao la kale lenye maana ya "neno", yaani wao ni watu wenye kusema. Na Mjerumani wanamwitaje? Warusi humwita "nemets", na asili yake ni neno lenye maana ya "bubu". Walikutana na jirani ambaye maneno yake hawakuyaelewa, wakamwona kama mtu asiyesema. Basi tazama mzaha wa historia: jina la watu wenye neno limefika Mbinga mkononi mwa "mabubu"!

Katika majina ya Waslavi kuna neno moja ambalo ukilijua umefungua nusu ya mlango. Neno hilo ni "slava", maana yake sifa au utukufu. Waslavi wa kale, hasa wakuu wao, walipenda kuunganisha maneno mawili kuwa jina moja. Stanisław ni "simama" au "kuwa" pamoja na "sifa": sifa na isimame, au mtoto huyu na awe mwenye sifa. Waandishi wa Kilatini wakalikata kidogo, wakaliwekea mkia wa -us, likawa Stanislaus. Sisi huku tukaitoa ile "i" ya katikati kwa kuwa ilitukwaza ulimi, likawa Stanslaus.

Wenseslaus ni hivyo hivyo. Sehemu ya kwanza ni neno lenye maana ya "zaidi": sifa zaidi. Ladislaus ni Vladislav, na "vlad" ni kutawala: atawalaye kwa sifa. Neno hilo la kutawala utalikuta pia katika Vladimir, na katika jina la mji wa bandari wa Warusi huko Bahari ya Pasifiki, Vladivostok, yaani itawale Mashariki. Ludmila ni jina la kike: "lud" ni watu, na "mila" ni mpendwa. Kina mama mnaoitwa Ludmila, ninyi ni wapendwa wa watu.

Kasmiri ndilo lenye vichekesho. Sehemu ya mwisho kwa kawaida husomwa "mir", yaani amani. Sehemu ya kwanza inaelekea kutoka katika neno lenye maana ya kuharibu. Nina rafiki hapa Mbinga mjini anaitwa Kasmiri, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata kuku aliyeingia jikoni. Nilipomwambia kwamba jina lake yumkini ni "mharibu amani" alikaa kimya, kisha akasema, "Kaka, usimwambie mke wangu." Nilimtuliza. Jina hilo lilikuwa la wakuu wa vita, na amani iliyoharibiwa ilikuwa ya adui. Wapo pia wanaosema kwamba sehemu ya kwanza ni kutangaza, na hapo jina linageuka kuwa mtangaza amani. Rafiki yangu ameichagua hiyo ya pili.

Sasa, majina ya watemi na wapiganaji wa Ulaya yalipataje kuwa majina ya ubatizo ya wakulima wa kahawa? Yalipita kwa watakatifu. Stanslaus wa kwanza ni askofu wa Kraków huko Polandi, aliyeuawa mwaka 1079 kwa amri ya mfalme wake, Boleslaus, ambaye alikuwa amemkemea. Wenseslaus alikuwa mtawala wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Aliuawa katika karne ya 10 na watu wa mdogo wake, naye pia akiitwa Boleslaus. Boleslaus maana yake ni "sifa kubwa zaidi", kwa hiyo ndugu wawili wenye majina yenye maana karibu moja waligombania ukubwa. Ludmila alikuwa bibi yao, naye alinyongwa mwaka 921. Kasmiri alikuwa mwana wa mfalme wa Polandi, aliyezaliwa mwaka 1458 na kufariki mwaka 1484 akiwa bado kijana. Ladislaus alikuwa mfalme wa Hungaria kuanzia 1077 hadi 1095. Wahungaria si Waslavi, lakini jina walilichukua kwa majirani. Sijapata kukutana na Boleslaus hata mmoja katika tarafa zetu, na msikilizaji atakuwa amekwisha kuelewa kwa nini.

Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walifika Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, na Litembo mwaka 1914. Walikuja na kalenda yao. Kila siku ya mwaka ina mtakatifu wake au watakatifu wake, na mtoto aliyeletwa kubatizwa mara nyingi alipewa jina lililoangukia siku hiyo au siku ya jirani. Kalenda hiyo ilijaa watakatifu wa Ujerumani na nchi zilizopakana nayo. Ndiyo sababu katika milima yetu kuna Otmari, Wilibaldi, Engelberti, Hildegarda, Kunigunda na Walburga, majina ambayo siku hizi huenda yakawa rahisi kuyasikia Mbinga kuliko huko Bavaria. Siku ya Kasmiri ni tarehe 4 Machi. Siku ya Wenseslaus ni tarehe 28 Septemba.

Tena haikuwa hiari tu ya padre wa Peramiho. Sheria ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe mbatizwa anapewa jina la Kikristo. Kama wazazi walishikilia jina lao jingine, padre aliagizwa aongeze la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Sheria mpya ya mwaka 1983 imelegeza. Inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Wazazi wengi hawajui kwamba mlango huo umekuwa wazi kwa miaka mingi sasa.

Ukiteremka kutoka milimani kwenda ziwani, hewa inabadilika na majina nayo yanabadilika. Ufuko ule ulihubiriwa kwa sehemu kubwa na Waingereza wa misheni ya Universities, waliokuwa na makao yao makuu kisiwani Likoma tangu mwaka 1885. Mmoja wao, William Percival Johnson, alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko Liuli. Ndiyo maana kule utawakuta kina Edward, Alban na Percival. Mzee mmoja wa Liuli aliwahi kunitania kwamba yeye akisikia jina tu la mtu anajua babu yake alibatizwa na nani, alikula ugali wa wapi, na alipanda mlima au aliteremka. (Hata Liuli yenyewe Wajerumani waliibatiza Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa lililo majini pale ambalo waliliona linafanana na sanamu ya kale ya Misri. Jina hilo limekwenda na wenyewe. Jiwe lipo.)

Ndugu msikilizaji, kuna kisa kimoja ambacho ningependa ukisikie vizuri. Katika karne ya 10 alizaliwa huko Bohemia mtoto aliyeitwa Vojtěch, jina la Kislavi lenye sehemu mbili, jeshi na faraja. Alipelekwa kusoma Magdeburg, kwa Wajerumani. Alipopewa kipaimara alichukua jina la askofu mkuu aliyekuwa mlezi wake, akawa Adalbert, jina la Kijerumani lenye maana ya mng'avu wa ukoo bora. Baadaye alikuwa askofu wa Praha, akauawa mwaka 997 akihubiri kwa Waprusi. Vitabu vya Kilatini na vya Kijerumani vinamwita Adalbert. Huko kwao, Wacheki bado wanamwita Vojtěch, na Wapolandi wanamwita Wojciech. Hajawahi kuwa Adalbert kwao.

Na sasa tazama linakozungukia. Mwezi Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Songea. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Tulitoka Mbinga usiku, tumesimama juu ya lori la kahawa, na vumbi la barabara ile ya wakati ule nimelimeza hadi leo. Jina lake la kuzaliwa ni Karol Józef Wojtyła, na wataalamu wengi wa majina ya Kipolandi hulihusisha jina la ukoo wake na hilo hilo Wojciech. Kabla ya kuwa Papa alikuwa askofu mkuu wa Kraków, yaani alikalia kiti cha yule Stanslaus aliyeuawa mwaka 1079. Kina Stanslaus wote wa Ruvuma waliojipanga uwanjani siku ile walikuwa wanatazamana na mrithi wa somo wao, na sidhani kama kuna aliyewaambia.

Baba yangu alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa Wenseslaus.

Alizaliwa mwezi wa Septemba, miaka ya thelathini, na katekista alifungua kalenda. Lakini kabla ya katekista kulikuwa na bibi. Bibi yangu aliolewa milimani akitokea ufukoni upande wa Mbamba Bay, na alikuwa akisema Kinyanja cha kanisani na cha sokoni. Kabla ya baba alikuwa amezika watoto wawili. Huyu wa tatu alipozaliwa, bibi alimwita Mavuto. Ninyi wa ziwani mnaelewa: mavuto ni taabu, ni masumbuko. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, wapo kina Mavuto na kina Masautso wengi tu, na maana ni hiyo hiyo. Kuna wanaodhani ni ukatili kumwita mtoto hivyo. Bibi alimweleza mama yangu sababu yake: kifo hupenda vitu vizuri, basi wewe mwite mtoto kitu ambacho hakuna atakayekitamani.

Niliposoma habari za Waslavi nilishangaa kumkuta bibi yangu humo. Mwaka 1787 alizaliwa Serbia mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wamepoteza watoto kabla yake. Walimwita Vuk, yaani mbwa mwitu, ili wachawi waogope kumgusa. Mtoto huyo alikua, naye ndiye Vuk Karadžić aliyeisanifu lugha ya Kiserbia na kuitungia kamusi. Warusi wa kale nao walikuwa na jina Nekras, maana yake "si mzuri", la kumficha mtoto asionekane. Jina la ukoo la Nekrasov limetoka huko. Waserbia wana Nenad, "asiyetarajiwa". Sisi tuna Sikudhani. Warusi wa kale walikuwa na Tretyak, wa tatu. Wana Bogdan, Mungu amempa, na sisi tuna Zawadi. Ng'ambo ya ziwa ni Mphatso, na ukivuka milima ya Livingstone hadi kwa Wanyakyusa utamkuta Atupele, yaani ametupa. Warusi wana Vera, Nadezhda na Lyubov, ambao kwetu ni Imani, Tumaini na Upendo. Nadia ni Nadezhda aliyefupishwa. Jina la baba nalo hulibeba kama sisi. Yule Valentina Vladimirovna Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu mwaka 1963, ni Valentina binti Vladimir wa ukoo wa Tereshkov, kama vile kwetu mtu anavyokuwa Stanslaus Kasmiri Komba.

Kwa hiyo swali linakuja. Kama Waslavi nao walikuwa na majina ya nyumbani kama Mavuto na Sikudhani, na kama nao walibatizwa na wageni, imekuwaje majina yao yakaingia katika kalenda hadi kufika kwetu, na Mavuto asiingie?

Sikiliza jibu. Mwaka 988 mtawala wa Kiev, Vladimir, alibatizwa, akapewa jina la Kigiriki, Basili. Wanawe wawili, Boris na Gleb, majina yao ya ubatizo yalikuwa Romano na Daudi. Hao wawili waliuawa mwaka 1015 katika ugomvi wa urithi wa kiti. Watu walipoanza kuwaheshimu kama watakatifu hawakusema Mtakatifu Romano na Mtakatifu Daudi. Waliendelea kusema Boris na Gleb. Na baba yao hakuwa Mtakatifu Basili, alibaki Vladimir. Kanisa la mashariki likawapokea kwa majina waliyojulikana nayo sokoni na vitani, na tangu hapo padre akiombwa amwite mtoto Vladimir au Boris hana la kukataa, kwa sababu ni jina la mtakatifu. Wenseslaus na Ludmila walipita njia hiyo hiyo upande wa magharibi.

Yaani hayo tunayoyaita majina ya dini ni majina ya nyumbani ya watu wengine. Kuna bibi mmoja mahali fulani aliyeyasema kwa mara ya kwanza akiwa na mtoto mgongoni.

Na sisi Waafrika njia hiyo tumekwisha kuipita. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Uganda, vijana walichomwa moto kwa ajili ya imani yao. Mdogo wao aliitwa Kizito. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu mashahidi ishirini na wawili wa Uganda, na katika kalenda jina la kijana yule likaandikwa kama alivyoitwa na Waganda wenzake, Kizito. Leo nenda parokia yoyote ya jimbo la Mbinga uite "Kizito!" uone wangapi watageuka. Wapo pia kina Lwanga na kina Mulumba. Hayo ni majina ya Kiganda, na Mmatengo anayapokea kisimani bila kuuliza ni ya kabila gani, kama vile babu zetu walivyopokea Stanslaus.

Kuna wimbi jingine la majina ya Kislavi ambalo halikupita kanisani, nalo nitalitaja kwa ufupi. Vijana wetu waliokwenda kusoma Moscow, katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, na wengine waliokwenda Praha, Belgrade na Sofia, walirudi na kina Natasha, Svetlana na Ivan. (Ivan si mgeni, ni Yohane.) Warusi wenyewe baada ya mapinduzi yao ya 1917 walizidisha mambo. Walimwita mtoto Vladlen, yaani Vladimir Lenin kwa kifupi, au Ninel, ambalo ni Lenin likisomwa kinyumenyume. Tusiwacheke sana, maana nasi tuna watu wanaoitwa Azimio. Na wale kina Tito, ninawaomba wawaulize wazazi wao. Huenda mmoja ni wa waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Tito, na mwingine ni wa Josip Broz Tito wa Yugoslavia aliyetembelea Tanzania mwaka 1970.

Nilikwisha kuahidi kusimulia yaliyotupata.

Baba alifariki akiwa ameacha shamba la kahawa, nyumba, na fedha kidogo alizoweka akiba mahali fulani. Tulikutana kama ukoo, shangazi akiwa kiongozi wa kikao, nikateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo haikutusumbua. Taabu ilikuja nilipopeleka karatasi katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Dada aliyekaa dirishani alizipanga mezani moja baada ya nyingine, akainua macho, akaniuliza, "Kaka, hawa ni watu wanne. Baba yako ni yupi?"

Nikatazama. Cheti cha ubatizo kilisema Wenceslaus, kwa c na kwa W, kama padre alivyoandika kwa mkono wake mzuri. Kadi ya mpiga kura ilisema Venslaus. Kitabu cha akiba kilisema Wensi. Na stakabadhi za kahawa za miaka mingi, zile zilizokuwa na fedha hasa, zilisema Mavuto, basi, kwa sababu mpima kahawa wa kijiji alikua naye na hakuwahi kumwita jina jingine. Padre hakukosea, na wala mpima kahawa hakukosea. Kila mmoja aliandika mtu anayemjua.

Ilituchukua miezi kumi na minne. Hati ya kiapo mbele ya wakili, ikarudishwa kwa kuwa ilitaja majina matatu badala ya manne. Hati ya pili. Barua ya mtendaji wa kijiji. Barua ya paroko. Wazee wawili waliosafirishwa hadi mjini kushuhudia kwamba Wenceslaus na Mavuto walikuwa na sura moja. Mzee mmoja kati yao aliulizwa kama anamfahamu Venslaus, akajibu kwa unyoofu kabisa kwamba hamfahamu, na siku hiyo tukarudi mikono mitupu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anasubiri ada ya chuo katika fedha zile. Alisubiri mwaka mzima nyumbani, akilima.

Kwa hiyo, ndugu yangu Stanslaus wa Litembo, mweleze mwanao kwamba jina la baba yake ni la Waslavi wa Polandi, kwamba maana yake ni sifa na isimame, kwamba Mlatini aliliongezea mkia na Mjerumani akalibeba. Mpe mwalimu salamu zangu, asione haya, maana mkia aliuona sawasawa. Kisha, jioni hii hii, kabla hujalala, toa karatasi zako zote kwenye sanduku. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, kitabu cha akiba, hati ya shamba, vyeti vya shule vya watoto ambavyo wewe umeandikwa kama baba. Zitandaze kitandani. Kama moja inasema Stanslaus na nyingine Stanislaus na nyingine Stani, hayo nenda ukayanyooshe wewe mwenyewe ukiwa hai, kwa kiapo chako mwenyewe. Wewe ukiapa kwamba wewe ni wewe, kazi huwa nyepesi kuliko watoto kuapa kwa niaba ya marehemu. Na kama wazee wako walikupa jina la nyumbani, nalo watu wanakuitia mashambani na sokoni, liandikishe lisimame pamoja na lile la ubatizo. Nanyi kina Wenseslaus, Ladislaus na Kasmiri, kina Kunigunda na Walburga, nanyi kina Percival wa ufukoni, hili linawahusu vilevile.

Mdogo wangu yule aliyesubiri ada alimaliza masomo, akaoa, na mwaka jana alipata mtoto wa kiume. Tulikaa tena kikao cha ukoo kuhusu jina. Shangazi alisema Mavuto ni mkosi, mtoto aitwe Wenseslaus peke yake. Mama alisema bibi hakulitoa jina lile kwa mzaha, na mtoto aliyelibeba alifikisha miaka themanini na moja. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe padre kijana wa parokia, ambaye mwenyewe anaitwa Kizito, aliulizwa, akasema yeye ataandika yote mawili.

Cheti cha kuzaliwa kimetoka mwezi wa tatu. Wenseslaus Mavuto, kwa W na kwa s. Nilikisoma herufi kwa herufi pale pale dirishani kabla sijaondoka.